Kikuba Kilichoungua kwa Salamu

Ukipita nyumbani kwa Barke, kule Mtongwe, Likoni, ukaona leso nyekundu imetundikwa mlangoni, usibishe hodi. Hata kama wewe ni shangazi yake, hata kama umetoka mbali na jua limekuwakia utosini. Kaa barazani, jipepee, ngoja. Leso ikiondolewa utakaribishwa ndani, utapewa maji ya baridi na salamu zako zote, moja baada ya nyingine, bila hata moja kukatwa. Lakini leso ikiwapo, Barke yuko uani na jua lake, na wakati huo hamjui mtu.

Majirani walinung'unika mwanzoni. Wapo waliosema mwanamke huyu amepata kiburi tangu mwanawe aolewe. Kiburi gani, jamani. Huyu Barke ninayemsema mimi, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu na kicheko cha ghafla, hajapata kumnyima mtu salamu maisha yake yote. Na salamu hizo hizo ndizo zilizoileta leso. Tulia nikusimulie.

Kazi ya Barke ni vikuba. Huchukua rehani, asumini, waridi na vipande vya ua la mkadi, akavifunga kwa uzi vikawa kitita kidogo cha kubandika kifuani au kichwani, na ukipishana na mwanamke aliyekivaa, utake usitake utageuka. Siku za kawaida utamkuta kwenye kibao chake karibu na njia iendayo feri, anauza asumini zilizotungwa. Msimu wa harusi hana usingizi. Nenda Likoni yote ukaulize maharusi walifungiwa vikuba na nani, utasikia jina moja tu.

Kikuba kina ila moja. Kinachonukia usiku huu, kesho adhuhuri ni taka za kufagiwa. Barke hakuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Maua yakifa, mteja atarudi kutaka mengine, basi. Hivyo ndivyo alivyofikiri miaka yote, mpaka siku alipoposwa Sumeya.

Sumeya ni mtoto wake wa pekee. Barke na mumewe Yasir walimngoja muda mrefu, wakamwombea kila walipoweza, na alipokuja wakamlea kwa macho mawili kila mmoja. Posa ilipoletwa, hawakuwa na la kulaumu. Kijana aliitwa Talha, wa Kisauni, mpole, mwenye kuswali, mwenye heshima kwa wakubwa, aliyelelewa na bibi yake. Ila kazi yake ilikuwa Maskati, kwenye ghala la vipuri vya magari, na baada ya harusi angeondoka na mkewe. Barke alitabasamu mbele ya wageni, akawamiminia sharubati, kisha akaenda bafuni akafungulia bomba na kulia.

Hakuogopa Maskati yenyewe. Aliogopa yale aliyoyaona kwa jirani yake, ambaye bintiye alikwenda ng'ambo kuolewa na hadi leo wajukuu wanamwona bibi yao kwenye kioo cha simu na kumuuliza mama yao, nani huyo? Desturi ya kwao ni kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Binti huja kulelewa na mamake, akakandwa, akapikiwa uji wa pilipili manga, akakaa ndani arubaini yake yote. Siku hizi wanaokwenda mbali wanaiacha. Watakwambia hospitali za kule ni nzuri na safari ni ndefu. Barke alitaka kujua yeye yake itakuwa vipi, lakini mama wa mke haulizi. Neno hilo hutoka upande wa mume, kwa mkubwa wao, kwa hiari yao. Ukiliuliza wewe, utaonekana unahesabu wajukuu hata ndoa haijapoa. Alimweleza Yasir, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya Shelly Beach, naye akamwambia atulize moyo, mambo yatajipanga. Wanaume wana raha yao, wallahi.

Basi neno hakuweza kuliomba. Akawaza angalau ampe mwanawe kitu cha kwenda nacho. Kitu chake yeye, cha mkono wake. Na mkono wake unajua nini zaidi ya vikuba? Vikuba navyo havisafiri.

Sasa, nyuma ya nyumba kuna chumba cha kupangisha, na mpangaji wake ni Faith, msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mwalimu wa kuchora katika shule moja ndogo hapo hapo Likoni. Mpangaji mzuri, kimya, hana makuu. Jumamosi moja Barke akaona maji ya manjano yanatoka bafuni yanafuata mtaro, na karai lake limejaa madoa ya buluu. Akajifunga leso kiunoni akaenda kugomba. Alikuwa ameyapanga maneno yote kichwani, mengine makali.

Akamkuta Faith amechuchumaa, anasuuza karatasi. Maji yalivyozidi kupita, manjano iliondoka, na katikati ya buluu nzito likajitokeza jani la mwarobaini, jeupe, na meno yake yote kando kando. Barke akasimama pale mlangoni, na ugomvi wote ukamtoka kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

"Nani amelichora?" akauliza.

"Jua, Mama Sumeya," Faith akajibu. "Mimi nimepaka dawa tu."

Hapo ndipo alipoelezwa. Kuna unga wa aina mbili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu, chumvi za chuma ambazo Faith alijifunza kuzitumia kwenye mafunzo ya walimu mjini. Kila mmoja unauyeyusha peke yake kwenye maji, kisha unachanganya kipimo kwa kipimo. Unajifungia chumbani, mapazia yameshushwa, unaipaka dawa kwa brashi kwenye karatasi nene ya kuchorea, unaiacha ikauke gizani. Ikikauka unaweka juu yake jani, au ua, au picha iliyochapwa kwenye plastiki ya kupitisha mwanga, unafunika kwa kioo, unaitoa juani. Palipopigwa na jua panageuka buluu. Palipofunikwa panabaki kama palivyo, na maji yanaiondoa dawa yake, pakawa peupe. Kamera haihitajiki kabisa. Picha za namna hii zilikuwapo kabla babu zetu hawajazaliwa.

"Na ua la asumini?" akauliza Barke.

"Hata asumini."

"Na kikuba?"

Faith hakuwa na uhakika wa kikuba. Kinene, akasema, kioo hakitakaa sawa. Lakini Barke alikwisha kuingia chumbani kwake kutafuta kitambaa cheusi cha kuzibia dirisha la stoo.

Msidhani alikuwa stadi siku ile ile. Aliharibu karatasi mpaka mwalimu wa watu akaanza kumfichia. Ya kwanza aliipaka dawa kama anayepaka samli kwenye chapati, ikatuama, ikakauka juu juu, na ilipoingia majini buluu yote ikachuruzika ikaenda zake mtaroni. Akafundishwa kupaka kwa wepesi, brashi iende na irudi, kisha ipite kwa upande, isiache michirizi. Hilo alilishika upesi, maana mkono wake ni mwepesi tangu hapo.

La pili likawa la kukausha. Ilikuwa miezi ya mvua, hewa ya Likoni imelowa, karatasi inashinda kutwa na unyevu wake. Barke akaona Faith anahangaika bure. Kwani nguo za wageni anazikausha na kuzinukiza vipi? Akawasha chetezo, akatia makaa na udi wake mzuri, akakifunika kwa lile tundu la fito la kufukizia nguo, akaitandaza karatasi juu. Alipokuja kuitazama ilikuwa imekauka kwelikweli, inanukia kama chumba cha bi harusi, na imegeuka buluu ya kijivu ukurasa mzima kabla ya kuliona jua. Joto la makaa lilikwisha kuimaliza dawa. Faith alicheka mpaka akakaa chini. Karatasi ile Barke anayo bado kabatini, na ukiifungua inakusalimia kwa harufu.

La tatu lilikuwa la maji. Maji ya kisima cha Mtongwe ni mazito, yana chumvi, na buluu haiyapendi, kwa hiyo Faith hukamulia ndimu kidogo kwenye karai la kuoshea. Siku moja Barke akachukua karai alilolowekea kunde kwa magadi, akataka kutia picha humo. Mwalimu alimnyang'anya karai mkononi, yeye ambaye hata sauti hapandishi. Akamwambia magadi yanaila buluu. Ukiosha humo utabaki na karatasi ya manjano na majuto. Barke akasema sawa, mwalimu, nimeshika. Na kweli alishika, kama utakavyoona.

Siku zikaenda, akawa anapatia. Asumini zilitoka, ua moja moja, na petali zikaonyesha wembamba wao, maana jua hupenya kidogo pale palipo pembamba na kuacha buluu hafifu. Mkadi ukatoka mweupe kabisa. Akagundua kwamba kikuba ukikilegeza uzi, ukakifungua kama upepeo wa mkono, ukakibana kwa kioo kizito, kinakaa. Kila kilichotoka vizuri alikitundika kwenye kamba chumbani kwake, na Yasir akirudi kutoka kazini anainama kupita. Alikuwa na raha, Barke. Raha ya kujua kitu kipya katika umri ambao watu wanamtarajia mtu ajue vya zamani tu.

Harusi ikafika. Nikaha ikasomwa msikitini, na usiku wa wanawake Sumeya akatolewa nje, akaketishwa kwenye kiti chake akitazamwa, na kifuani ana kikuba alichofungiwa na mamake. Barke alikifunga kile kikuba peke yake, mlango umefungwa, na kila uzi alioukaza aliusomea dua. Hakuna alichokifunga kabla yake kilichopata nusu ya matunzo yale.

Asubuhi yake, bwana na bibi harusi wakiwa bado chumba cha mbele, kabla ya kuchukuliwa kwenda Kisauni, Sumeya alimpitishia mamake kikuba mlangoni, kwa mkono tu, kama walivyopatana. Kilikuwa kimelegea lakini kizima. Kesho yake angepanda ndege. Kwa hiyo lilikuwapo jua moja tu, la asubuhi ile, na kikuba kimoja ambacho kikishakaa chini ya kioo na joto hakitafaa tena. Barke alijua hivyo. Akatoa karatasi aliyoipaka jana yake, akakilaza kikuba, akakifungua jani kwa jani, akaweka kioo, akaitoa uani, juu ya meza ya kuchambulia mchele.

Jua lilikuwa kali, halina wingu. Faith alikuwa amemwambia kwa jua kama lile atazame ukingo wa karatasi, ukigeuka rangi ya jivu aitoe, na haitachukua muda. Kisha mwalimu akaenda kanisani kwao. Barke akasimama na leso mkononi, macho kwenye ukingo. Manjano ikawa kijani. Kijani ikaanza kuwa buluu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bi Zuleikha, bibi yake Talha, aliyemlea. Alikuwa amesema atakuja alasiri kuwasalimia wakwe, lakini jua la mchana halimwendei vizuri, akaona aje mapema. Ametoka Kisauni, amevuka kisiwa chote, amepanda feri, na magoti yake yale. Wardah, mdogo wake Barke, akamfungulia, akamkaribisha sebuleni, na Barke hana budi kuingia.

Ungefanya nini? Umwambie mkwe wako mkubwa, siku ya kwanza kukanyaga kwako baada ya harusi, ngoja kidogo nina karatasi nje? Barke aliingia, akainama, akampa shikamoo, akapokea marahaba, akaketi. Na Bi Zuleikha ni mtu wa salamu za zamani. Akauliza hali yake, akauliza hali ya Yasir, ya Wardah, ya watoto wa Wardah. Akauliza kama wamelala vyema, kama uchovu wa harusi umepungua, kama majirani wa kulia wamepona, kisha wa kushoto. Kila swali likahitaji alhamdulillah yake, na kila alhamdulillah ikahitaji kurudishiwa. Barke akajibu. Mdomo wake ulikuwa sebuleni, roho yake iko uani inaungua.

Akamkonyeza Wardah, akamwonyesha mlango wa nyuma kwa macho. Wardah akaelewa kahawa. Akaleta kahawa. Barke akamkonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na Wardah akaleta halua. Bi Zuleikha akanywa taratibu, akasifu kahawa, akaanza kuzungumza mambo yake, mazungumzo marefu ya mtu mzima aliyekuja na jambo. Barke aliitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo. Akasema inshallah. Kupitia mlango wa nyuma aliona kipande cha jua sakafuni kinasogea, akahisi machozi yanamjia, akayameza na kahawa.

Mgeni alipoaga, Barke alimsindikiza hadi barabarani kama inavyopasa, akangoja apate tuktuk, akampungia mkono. Kisha mama mzima wa watu akakimbia, buibui limekamatwa juu, watu wanamtazama.

Karatasi ilikuwa jivu tupu. Akainua kioo, kikuba kimeiva, kimekauka hudhurungi na kugandana. Akaitia karatasi majini. Ikatoka buluu nzito nyeusi, nzito kiasi kwamba petali zote zilikuwa zimezama humo. Vilionekana vijiti vya mkadi na fundo la uzi, basi. Barke akaketi kwenye ukingo wa karo, akalia kwa sauti, na Wardah akasimama na sahani ya halua mkononi hajui afanye nini.

Faith akarudi kutoka kanisani akamkuta hivyo. Akaitazama picha, akasema imezidi kuiva, pole Mama Sumeya. Akashauri wafunge kikuba kingine upesi, maua bado yapo, jua bado lipo. Barke akakataa. Kikuba kingine kingekuwa kikuba cha kuuza. Kile kilikuwa kimevaliwa na mwanawe usiku wa kutolewa kwake, kilikuwa na pumzi yake, na hakuna kingine cha kumdanganyia Sumeya kwamba ndicho. Afadhali aende mikono mitupu.

Halafu akafuta uso kwa leso, akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jikoni:

"Mwalimu, magadi yanaila buluu yote, au yanaanza na ile nyembamba?"

Faith hakujua. Hakuwahi kumwona mtu akitia picha kwenye magadi kwa makusudi. Barke akamweleza anavyoona yeye. Magadi mengi yanaharibu kunde, machache yanazilainisha. Na kama buluu imezidi, basi inataka kupunguzwa. Wakatazamana. Faith akamkumbusha kwamba ikienda yote hairudi. Barke akasema anajua.

Akajaza karai maji, akatia magadi kidogo mno, ya ncha ya kidole, akakoroga mpaka yakapotea. Akasema bismillahi, akaizamisha karatasi, na mkono wake uko pale pale ukingoni tayari kuinyanyua. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha buluu ikaanza kulegea, na kutoka mle gizani zikaanza kuja asumini, moja hapa, moja pale, kisha jani la rehani, kisha waridi na mikunjo yake. Faith akamshika bega. Barke akaitoa kwa haraka, akaisuuza kwenye maji ya ndimu, mara mbili, tatu, ikasimama.

Maua yalirudi, lakini buluu ilikuwa imechoka, imekuwa na umanjano wa mtu anayeumwa. Hapo mwalimu naye akawa na lake. Alikuwa amesoma mahali kwamba majani ya chai huipa nguvu picha iliyopita kwenye magadi. Wakachemsha chai ya rangi, kali, bila sukari, ikapoa, wakailaza picha humo. Ile rangi ilikunywa chai kweli. Ilipotoka haikuwa buluu tena. Ilikuwa nyeusi yenye kubakia na ubuluu kwa mbali, na yale maua yamekaa kwenye weupe wa maziwa yaliyodondokewa chai. Na kwa sababu jua lilikuwa limetembea muda wote ule, kila ua lilikuwa na ukingo wa pili pembeni yake, hafifu, kama limesogea kidogo na kuacha alama lilipokuwa.

Barke hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Alisema hivyo hivyo, kwa mdomo wake, na akacheka kile kicheko chake.

Jioni wakaitundika kwenye kamba ikauke. Wardah alikuwa akimalizia halua, na akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilitafuna jambo mchana kutwa, kwamba dada yake leo amemjibu mgeni vibaya. Barke akashangaa. Alimjibu vibaya wapi, naye alikaa mpaka nyumba ikamwakia?

"Bibi amesema mtoto wa kwanza Sumeya atakuja kuzaa hapa kwako," Wardah akasema. "Ameshazungumza na Talha, Talha amekubali. Amekuja kwa hilo. Nawe ukamwambia inshallah, ongeza kahawa."

Barke akakaa chini. Hakuwa na kiti, alikaa sakafuni. Lile neno alilolilia bafuni, alilolibeba tangu siku ya posa, lilikuwa limeletwa sebuleni kwake kwa feri na magoti mabovu, likawekwa mbele yake, naye akalipita kama mtu anayepita kibao cha muuza karanga. Alifurahi na kuona haya, yote mawili kwa pamoja.

Kesho yake walikwenda Kisauni kuwaaga maharusi. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa nje, masanduku yamekwisha kufungwa, Talha anatazama saa. Barke akampa Sumeya picha, ndani ya kipande cha leso. Sumeya akaifungua, akaitambua. Akapitisha kidole juu ya fundo la uzi. Akaileta puani, akasema inanuka chai, kisha akamkumbatia mamake.

Bi Zuleikha akaomba aione. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akauliza kwa nini kila ua lina vivuli viwili.

"Hiki cha kwanza ni nilipokiweka juani, bibi," Barke akasema. "Na hiki cha pili ni wewe, ulipokuwa umekaa kwangu."

Akamweleza yote, ya karatasi, ya jua, ya kukonyeza na halua. Talha akajitia kufunga sanduku lililokwisha kufungwa. Kisha Barke akapiga magoti mbele ya kiti cha yule mama, akasema:

"Jana ulinambia neno, na mimi nilikuwa mbele yako lakini sikuwapo. Nakuomba unirudie."

Bi Zuleikha akamtazama. Akamrudishia Sumeya picha yake, akajifunga mtandio vizuri, akakaa kitako kama mgeni anayeingia ndiyo kwanza. Na hakuanza na neno. Alianza mwanzo. Akauliza, u hali gani mwanangu? Barke akasema alhamdulillah. Akauliza hali ya Yasir, ya Wardah, ya watoto wa Wardah. Akauliza kama wamelala vyema, kama uchovu umepungua. Nje dereva akapiga honi. Akauliza majirani wa kulia, kisha wa kushoto. Barke akajibu moja moja, kwa ukamilifu wake, akarudisha kila moja, na dereva akapiga honi tena na hakuna aliyegeuza shingo.

"Mtoto wa kwanza," Bi Zuleikha akasema, "atazaliwa Likoni, kwa mamake."

"Nimesikia, bibi," akasema Barke.